Damu Upande wa Ndani

Kalyna, Saskatchewan
3 Oktoba 1976. Asubuhi: baridi kavu, umande umeganda kwenye kioo cha dirisha la jikoni, upepo hakuna.

Mwanangu Lyle,

Naanza na hali ya hewa kama kawaida yangu, na ninajua unacheka. Miaka mitatu uliyolala chumba chetu cha juu, tangu timu ya vijana ya hoki ya barafu ilipokuleta mlangoni na begi moja na viatu vya kutelezea vimening'inia shingoni, ulikuwa ukinyakua shajara yangu na kuisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Mama Olha anaripoti mawingu!" Cheka tu. Shajara inanizuia nisidanganye hata siku ninapotaka.

Kwenye kifurushi kuna soksi, matango ya chumvi ambayo mzee wangu Petro ameyafunga kwa magazeti kana kwamba ni mabomu, na zile jezi zako mbili mpya. Nimeshona ukanda ndani ya kila moja, mgongoni, karibu na pindo. Upitishe chini ya mkanda wa suruali kisha ubane kifungo cha chuma. Uzi ni ule wa kushonea hatamu za farasi. Hautakatika.

Unajua kwa nini. Ulikuwa na miaka kumi na saba siku ile yule jitu wa Dunmoor alipokuvuta jezi juu ya kichwa, mikono yako ikanaswa ndani, naye akaendelea kukupiga usoni kupitia kitambaa. Nilikuwa safu ya pili. Nilikuona umesimama kama mtu asiye na kichwa, unapigwa kama gunia la viazi. Uwanja mzima ulimzomea, kwa sababu hata walevi wa mji huu wanaijua sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mtu akifunikwa, mikono chini. Kesho yake nikakushonea ukanda wa kwanza.

Sasa umeingia ligi ya watu wazima wanaolipwa. Wewe ni beki, Lyle. Sijaona mtu anayeteleza kinyumenyume kama wewe, unamtazama mshambuliaji kifuani mpaka anasahau kisahani anachokisukuma kwa fimbo kiko wapi. Timu kubwa ya ligi kuu ikikuita, ikuite kwa hilo. Ombi langu ni moja. Niandikie kweli. Siku utakayoweza kuniandikia yote uliyoyafanya uwanjani bila kuruka mstari, utajua bado u mtu wa nyumba hii. Siku utakayoshindwa, utajua pia.

Petro anasema usimwamini kocha mwenye meno yote, huyo hajawahi kupigwa uwanjani.

Mama Olha


Port Hamlin, Ontario
26 Oktoba 1976

Mama Olha,

Ripoti ya hali ya hewa: ndani barafu, nje moshi wa kiwanda cha chuma. Nimeshinda?

Mwambie Petro kwamba Kocha Stang ana meno yote, tena meupe. Siku ya kwanza aliniita pembeni. "Parisien, nina mabeki watano wanaojua kucheza. Wa sita namtaka wa kuogopwa."

"Najua kucheza, Kocha."

"Nani kakuuliza?"

Basi ndiyo hali. Wiki iliyopita tulikuwa tumejipanga tukisubiri refa aangushe kisahani, jamaa mmoja mwenye ndevu akaniuliza kwa upole kabisa, "Vipi, bwana mdogo, tucheze ngoma?" Ndivyo wanavyobisha hodi huku. Ukikubali, glavu chini. Akanivuta jezi, ikagoma. Akavuta tena. "Nini hii? Mama yako amekufunga nepi?"

Nikamwambia, "Ndiyo, na anakusalimu." Kisha nikampiga pua. Ilipasuka kama nyanya. Watu elfu tatu wakasimama, Mama. Sijawahi kusimamiwa na mtu hata mmoja kwa kuteleza kinyumenyume.

Mimi mzima. Nakurudishia jezi moja, imechanika kwapani. Usishtuke ukiona doa, ni sharubati ya beri.

Lyle


Kalyna
9 Novemba 1976. Asubuhi: theluji ya kwanza iliyoshika ardhi, kimya, kunguru wamejaa kwenye uzio.

Mwanangu Lyle,

Sharubati ya beri haigandi kwenye mishono, wala haitoki kwa maji baridi na chumvi. Na ndani ya kola nimekuta kipande cha jino. Nimekitia kwenye kikombe cha vifungo. Ukija utaniambia kama ni chako au ni cha mwenye ndevu.

Timu ya mji huu inaniletea jezi kwa magunia tangu kabla hujazaliwa. Damu yako mwenyewe hushuka mbele, kifuani. Damu ya mwenzako hukaa kwenye mkono wako wa kulia, kuanzia kiwiko kwenda chini. Hii ina zote mbili. Kwa hiyo tuache habari za sharubati.

Unasema watu walisimama. Walisimama pia hapa Kalyna ulipokuwa umefunikwa. Kabla ya kuzomea walisimama kwanza, ili waone vizuri.

Mshono wa kwapani nimeurudia mara mbili.

Mama Olha


Port Hamlin
13 Desemba 1976

Mama Olha,

Haya, kweli, bila kuruka mstari. Taya langu limevunjika. Daktari amelifunga kwa nyaya na ninakula kwa mrija. Sauti yangu sasa ni ya mtu anayeongea na mdomo ndani ya mto, kwa hiyo wenzangu wananipigia simu kutoka chumba cha jirani ili wacheke.

Aliyenivunja anaitwa Norbert Quessy, beki wa timu ya Nungunungu ya Saint-Alcide, mzee wa miaka thelathini na nne, pua yake imelala shavuni kama mbwa mbele ya jiko. Nilimtafuta mimi. Stang alinigonga bega: "Unamwona yule kikongwe? Mpige. Watu wa timu kubwa wako jukwaani."

Nikamwendea. "Babu, tucheze."

"Dogo, nina mafua," akasema. "Huwezi kungoja kipindi cha tatu?"

Nikamwita mwoga. Akavua glavu polepole, kama mtu anayevua viatu mlangoni kwa watu. Ngumi moja ya kushoto. Nilisikia taya likilia kama tawi la mti kwenye baridi kali. Na nilipokuwa ninaanguka aliniwahi, akaweka kiganja chake nyuma ya kichwa changu ili kisigonge barafu. Akaniambia sikioni, "Umesimama vizuri, dogo. Lala kidogo."

Stang alikuja chumba cha daktari. "Timu kubwa hainunui mlango uliovunjwa na kikongwe," akasema. "Saint-Alcide wanarudi hapa Februari. Pona."

Simchukii Quessy. Ila kila nikifumba macho nakiona kiganja kile, na naona afadhali angeniacha nigonge.

Lyle


Kalyna
2 Januari 1977. Asubuhi: nyuzi arobaini chini ya sifuri, gari la Petro limegoma, moshi wa majirani unapanda wima.

Mwanangu Lyle,

Supu ya bitiruti, ichuje mara mbili kwa kitambaa na itapita kwenye mrija. Usitie maziwa mpaka ipoe.

Krismasi yetu, ya kalenda ya kale, ni Ijumaa hii. Nitakuwekea sahani ya ngano na asali mezani kama miaka yote, na Petro ataila kama miaka yote.

Mtu aliyekukinga kichwa hakukukosea lolote. Wakija Februari mpe mkono, kisha ucheze kisahani. Stang hawezi kukutoa ndani ya timu kwa kucheza vizuri. Na akikutoa, kutolewa si kifo.

Mama Olha


Port Hamlin
7 Februari 1977

Mama Olha,

Nina haraka. Habari njema kwanza: timu kubwa imeniita. Naondoka mwisho wa mwezi. Miaka yote ile ya kuamka gizani kwenda uwanjani, basi ndiyo hiyo, imefika.

Kwenye kifurushi hiki kuna jezi ya Norbert Quessy. Tulipigana tena Jumamosi. Ulikuwa ugomvi wa haki, ana kwa ana, akateleza akaanguka vibaya. Bado hajaamka, lakini madaktari wana matumaini. Walimkata jezi kwa mkasi ili wamfunue kifua. Unaijua desturi: jezi ya mgeni ikichanika kwetu, sisi wenyeji tunaiosha, tunaishona, tunairudisha. Mtunza vifaa wetu hajui sindano, nikamwambia nina fundi wangu.

Iloweke, toa damu yote, shona, nitumie mimi. Nitampelekea mkewe mwenyewe. Fanya upesi.

Taya limepona.

Lyle


Kalyna
14 Februari 1977. Asubuhi: ukungu wa barafu, jua lina pete.

Lyle,

Nilijaza beseni maji baridi, nikatia chumvi, nikaikunjua jezi. Kisha nikayamwaga maji.

Mkasi umepita mbele, kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Mbele ni safi. Kifuani hakuna hata tone. Mtu aliyepigwa ana kwa ana hutokwa damu kifuani, nilikuandikia hivyo Novemba, na hukubisha. Damu ya Quessy yote iko mgongoni, chini ya namba nne, na iko upande wa ndani. Nje imepenya tu. Mgongo wa jezi hauwezi kuugusa uso wa mwenye jezi kwa ndani ila kwa njia moja, na njia hiyo mimi na wewe tunaijua.

Hana ukanda. Nadhani mtu wa umri wake hakuona haja. Nani angemfanyia?

Kuna mahali kitambaa kimelika, kama kimesuguliwa kwa jiwe. Ni mahali pamoja tu, upana wa ngumi.

La kuvunda halina ubani. Sijaosha na sitaosha bado. Jezi imo kabatini ndani ya foronya safi. Niambie kilichotokea bila kuruka mstari. Kama nimeisoma vibaya, nitakuomba radhi kwa magoti, na Petro atakuwa shahidi.

Mama Olha


Port Hamlin
22 Februari 1977

Bi Bodnarchuk,

Wewe ni mshonaji, si refa. Marefa walikuwepo na wameandika ugomvi wa haki. Kocha ameandika hivyo. Mabenchi yote mawili yalikuwa yamemwagika uwanjani, watu thelathini wanapigana, nani aliona nini? Hakuna aliyelalamika ila wewe, na wewe ulikuwa jikoni kwako umbali wa siku mbili kwa treni.

Unataka nirudi nikalime shayiri ya mjomba? Huku watu wanaliwa. Jana mazoezini kijana mpya alinitazama kwa namna nisiyoipenda, nikamtia fimbo ya mbavu mpaka akatapika kwenye barafu, na Stang akapiga makofi. Hiyo ndiyo kazi. Hiyo ndiyo kazi uliyokuwa ukiifulia jezi miaka yote hiyo.

Ulinishonea ukanda ili nisipigwe. Ulidhani ningefanya nini na mikono iliyo huru?

Ioshe. Au itie kwenye jiko.

L. Parisien


Saint-Alcide, Quebec
15 Machi 1977

Dogo,

Mkono wa kulia bado haunisikii, kwa hiyo mke wangu Ghislaine anaandika ninayoyasema, huku amenuna. Nilipoamka niliuliza nani kashinda. Ghislaine anasema ningeanza kwa kumsalimu yeye.

Sikumbuki kitu. Nakumbuka tukiwa kwenye basi, nakumbuka mkate wa mayai, baada ya hapo ni weupe mtupu. Wananiambia tulipigana kwa haki nikateleza. Nakushukuru. Kazi hii ina watu wachafu, na nisingependa kumaliziwa na mmoja wao. Daktari anasema sitacheza tena. Nimemwambia ametumia miaka mingi shuleni kujua jambo ambalo magoti yangu yalikwisha lisema.

Nimeona jina lako gazetini na timu kubwa. Nimewatangazia wauguzi wote: yule nilimvunja taya mimi, ni wangu. Chunga goti la kushoto, unalifungua mno ukirudi nyuma, watakupitia hapo.

Jezi yangu kama iko kwenu irudishe, hata bila kuoshwa. Ni ya mwisho.

Norbert

Haya ya chini ni yangu, hajui kama nimeyaandika. Uso wake ulivunjika pande zote mbili. Mtu akiteleza huanguka upande mmoja. Mimi sijui hoki.
Ghislaine


Toronto
21 Machi 1977

Mama Olha,

Nimekutilia barua ya Quessy humu. Isome kwanza, halafu usome hii.

Mabenchi yalikuwa yamemwagika, hilo ni kweli. Marefa walikuwa upande wa pili wakiwavuta makipa. Quessy alikuwa katikati, anamtenganisha kijana wao na kijana wetu, anawaambia, "Basi, watoto, basi, mtaumia." Nikamwita, "Babu!" Akageuka na kutabasamu. "Taya linafanya kazi? Vizuri." Nilimpiga akiwa bado anatabasamu. Hakukuwa na hodi. Sikumwuliza.

Akanishika mgongoni akavuta, ukanda wako ukashika. Mimi nikavuta yake, ikaja yote, ikamfunika. Alishusha mikono, Mama. Alisema ndani ya kitambaa, "Basi, dogo. Basi." Akasimama anangoja marefa, kwa sababu ndivyo inavyokuwa, na miaka yote hiyo hakuna aliyemfanyia vingine.

Nikaanza. Jezi ile ni nyeupe. Sikuwa najua pua iko wapi mpaka palipoanza kuwa pekundu, kisha nikapafuata pale pale. Sikuona uso, na usipoona uso mkono hauchoki. Nilikuwa nasema kitu kila nikipiga, sijui ni nini. Kijana wetu mmoja alinivuta bega akilia, "Amefunikwa! Parisien, amefunikwa!" Nikampiga kiwiko yeye naye.

Magoti ya Quessy yakalegea. Hapo nilikikumbuka kiganja chake. Usidhani nilisahau. Alikuwa anaanguka polepole, na mkono wangu ulikuwa karibu kabisa na kisogo chake. Nikaifungua ngumi. Kisha nikaifunga. Kichwa kiligonga barafu, na mlio ule niliusikia juu ya kelele za uwanja mzima.

Jukwaani watu wa timu kubwa walikuwa wamesimama.

Huku wananiita Nyundo. Mechi zote nilizocheza sijapewa nafasi ya kuteleza kinyumenyume hata mara moja, wananitoa benchini nikampige mtu, wananirudisha. Kesho asubuhi naenda kwa mkuu wa ligi kumwambia niliyokuandikia. Halafu nitaenda Saint-Alcide. Nitumie jezi. Usiioshe.

Kama foronya ni ile ya chumba cha juu, yenye maua ya bluu, niachie hiyo hiyo.

Lyle


Kalyna
29 Machi 1977. Asubuhi: matone kutoka kwenye paa, barabara ni tope, bukini wa kwanza wamepita.

Mwanangu Lyle,

Jezi inaondoka na posta ya leo. Foronya ni hiyo ya maua.

Swali lako la mikono iliyo huru nimetembea nalo mwezi mzima. Niliposhona ukanda ule niliuona uso wako tu. Uso wa mwingine sikuuona, nao ulikuwa umefunikwa hata kabla hujamgusa. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe, wewe beba lako.

Mpe mkononi, usiiache mlangoni. Na usiombe msamaha kabla hujamaliza kusimulia. Mtu anayetanguliza msamaha anataka kukatizwa.

Mama Olha


Kituo cha basi, Quebec
12 Aprili 1977

Mama Olha,

Mkuu wa ligi amenifungia msimu mzima ujao. Timu kubwa waling'oa jina langu kwenye kabati kabla sijarudi kuchukua viatu. Stang alinipigia simu hotelini. "Umejichinja mwenyewe, mjinga wewe! Mtu ameamka, hakumbuki, hana kinyongo. Nani kakuuliza?" Nikamwambia hakuna. Akakata.

Ghislaine alifungua mlango. Aliiona foronya, akaelewa. Hakunikaribisha, aligeuka tu akasema kwa sauti, "Amekuja."

Quessy alikuwa mezani na bakuli la supu ya njegere, kijiko mkono wa kushoto. Amekonda. Alifurahi, Mama, hilo ndilo lililokuwa baya. "Dogo! Mwone Nyundo! Ghislaine, lete kiti." Sikukaa. Nilisimulia nikiwa nimesimama, kama ulivyosema, mpaka mwisho, mpaka ngumi niliyoifunga tena. Hakunikatiza. Kijiko kilibaki hewani, supu inadondokea meza.

Nilipomaliza aliitandaza jezi mezani, ndani juu, akaweka kiganja juu ya doa.

"Jezi yako unayo?" akaniuliza.

"Iko begini."

"Vaa."

Nikavaa. Akajiinua kwa kushika meza, akaja nyuma yangu, akavuta. Ikagoma.

"Nini hii?"

"Ukanda. Nimeshonewa nyumbani."

"Fungua."

Nikapeleka mkono mgongoni nikabandua kifungo chako. Akaivuta juu ya kichwa changu. Ndani ni giza jeupe, unasikia pumzi yako mwenyewe na harufu ya supu. Nikashusha mikono. Ghislaine alikuwa analia, "Norbert, acha! Norbert, wee!" Akanipiga.

Kwa kushoto, ule ule ulionivunja taya. Mama, hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama mtoto anayebisha mlango. Akapiga tena, na tena, nikamsikia anahema kama mtu anayepanda mlima na mzigo, kila pigo anatoa sauti kutoka tumboni, na kichwa changu hakikusogea. Nilimwomba Mungu taya livunjike. Nilimsogezea uso ili apapate vizuri. Nilikuwa nalia mule ndani, si kwa maumivu, kwa sababu hayakuwepo.

Kisha nikasikia kiti kikiburuzwa. Nilipojifunua alikuwa amekaa, anautazama mkono wake.

"Umesikia?" akasema. "Ndiyo hiyo. Ndiyo yote iliyobaki."

Hakunipa mkono. Ghislaine alinifungulia mlango na kuufunga nyuma yangu, na kutoka barabarani nilimsikia akipasha supu upya, anagonga masufuria kwa nguvu.

Sijui niende wapi. Nimekaa hapa kituoni, mabasi mawili yamekwisha nipita. Sithubutu kuuliza kuhusu chumba cha juu, kwa hiyo siulizi.

Lyle


Kalyna
3 Mei 1977. Asubuhi: mvua laini tangu alfajiri, barafu imevunjika kwenye bwawa, ng'ombe wa jirani wametoka nje kwa mara ya kwanza.

Mwanangu Lyle,

Barua hii naituma kwa mjomba wako, nimesikia uko huko unamsaidia kupanda shayiri. Jana asubuhi posta ilileta kifurushi kutoka Saint-Alcide. Ni jezi namba nne, ndani ya foronya yetu, imefuliwa na kupigwa pasi. Foronya, si jezi. Kulikuwa na mistari michache ya Ghislaine:

"Anaomba fundi yule aioshe, aishone palipokatwa, na aitie ukanda. Nimemwambia hutacheza tena, ukanda wa nini? Anasema tia."

Niliiloweka kutwa nzima. Maji baridi na chumvi, nikamwaga, nikatia mengine. Petro alibeba beseni kwenda nje kila mara na hakusema mzaha hata mmoja, jambo ambalo nimeliandika kwenye shajara. Mgongoni kwa ndani kumebaki kivuli chepesi, rangi ya chai. Hicho hakitoki, na sikukifukuza zaidi, kitambaa kingechanika.

Palipokatwa na mkasi nimeshona kwa mkono. Ukanda nimeushona baada ya chakula cha jioni, kwa uzi wa hatamu, mishono mifupi. Nilipomaliza nilikibana kifungo na kukibandua, nikakibana tena, nikisikiliza mlio wake. Nilikuwa nawaza ulivyopeleka mkono mgongoni na kukifungua mwenyewe. Katika kanda zote nilizoshona, huo ndio mmoja niliopata kusikia umefunguliwa.

Hukuuliza kuhusu chumba cha juu, lakini najibu. Umeandika bila kuruka mstari. Kitanda kimetandikwa, foronya ni nyingine. Njoo shayiri ikikwisha pandwa. Bwawa litaganda Novemba, na Petro anasema anataka kumwona mtu akiteleza kinyumenyume kabla hajafa. Lakini ukanda mwingine sitakushonea, Lyle, wewe wala mtu yeyote. Ule wa Quessy ulikuwa wa mwisho. Sindano nene nimeirudisha kwenye kikombe cha vifungo, pamoja na kile kipande cha jino.

Jezi imeondoka asubuhi hii. Kwenye shajara nimeandika: namba nne, imekwisha. Nimelala saa saba na nusu usiku.

Mama Olha